Topanga Canyon: mto mmoja, barabara moja na hifadhi yake, tujuzane kabla hujaingia na gari

Kona Kali (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Kila wikiendi ikikaribia wadau wa huku Los Angeles wanaulizana wapi pa kwenda kutembea milimani, jina la Topanga linatajwa, mtu anatupiwa ramani basi, anaingia na gari mchana wa Jumapili, anakaa kwenye foleni, anakosa pa kuegesha, anarudi nyumbani amenuna. Naipenda sana ile sehemu na inaniuma ikichukuliwa kama njia ya mkato ya kwenda beach, kwahiyo naweka hapa ninachokijua na wenye nyongeza waongeze.

Kwanza ramani ikae kichwani. Milima ya Santa Monica haijalala kama milima mingi ya California inayofuata pwani kaskazini kwenda kusini, hii imelala mashariki kwenda magharibi, karibu kilomita 64 kutoka vilima vya Hollywood mpaka Point Mugu. Upande mmoja una San Fernando Valley yenye watu wengi na joto kali, upande wa pili bahari ya Pasifiki, na katikati ukuta wa milima. Ukitaka kutoka bondeni kwenda baharini lazima ukate huo ukuta, na sehemu za kuukatia ni chache mno. Topanga ndo mojawapo. Ni korongo lililochimbwa na mto, Topanga Creek, unaoanzia juu karibu na kilele cha milima ukashuka kusini mpaka ufukweni.

Sasa hapo ndo pa kushika: barabara imeufuata mto. Topanga Canyon Boulevard, yaani barabara ya jimbo namba 27, inatoka Pacific Coast Highway (PCH), barabara ya pwani, pale ufukweni, inapanda ndani ya korongo ikiwa na mto ubavuni, inapita kijijini, inapanda tena kwa kona kali mpaka kwenye ukingo wa juu, halafu inateremka Woodland Hills kukutana na haiwei ya 101 na kuendelea hadi Chatsworth. Yote ni kama kilomita 32, ila korongo lenyewe ni hicho kipande cha kusini mwa 101. Njia moja kwenda, njia moja kurudi. Kule chini karibu na bahari kuta za korongo zinabana kiasi kwamba ni mto, lami na jabali tu, hakuna kingine kinachoenea.

Nikirudi nitaelezea njia zingine na hifadhi. Karibuni.

Nyika Kavu

Mkuu uzi mzuri. Ila si kuna njia nyingi tu kwenye ramani? Mimi naona mistari imejaa kama utando humo milimani.

Kona Kali

@Nyika Kavu mistari ipo ila mingi inaishia mbele ya nyumba ya mtu au kwenye geti. Angalia hivi: ukitoka Topanga kwenda mashariki, huwezi kuvuka milima kwa barabara ya lami iliyo wazi kwa umma mpaka ufike haiwei ya 405 kule Sepulveda. Hakuna. Barabara zote za katikati zinapanda halafu zinakufa, kwa sababu hapo katikati ndo kuna hifadhi. Kuna Mulholland ya vumbi inayopita juu ya mgongo wa milima lakini magari hayaruhusiwi, ni ya watembea kwa miguu na baiskeli.

Ndani ya korongo lenyewe kuna mbili za kuzijua. Old Topanga Canyon Road inachepuka kijijini kwenda kaskazini magharibi mpaka Mulholland Highway, upande wa Calabasas. Ni nyembamba, ina miti mingi na kona, ila ni njia halali ya kutokea. Ya pili ni Fernwood Pacific Drive inayopanda upande wa magharibi, juu inageuka kuwa Tuna Canyon Road na kukutana na Saddle Peak Road, hapo ukiendelea na Saddle Peak halafu Stunt Road unatokea Mulholland. Tuna yenyewe kipande cha chini kinachoshuka mpaka baharini ni cha upande mmoja tu, KUSHUKA. Huwezi kupanda nayo kutoka ufukweni. Mgeni anayepangia safari kwa kuangalia mistari ya ramani hapo anakwama.

Ukienda magharibi zaidi ndo unapata barabara za Malibu Canyon na Kanan Dume, nazo zinakata milima. Kwahiyo Topanga ikifungwa, mtu wa kijijini aliyezoea kufika baharini kwa dakika chache anazunguka ama Malibu Canyon ama 405, na hizo nazo siku hiyo zinakuwa zimeshona.

dereva_wa_usiku

Naongezea kwenye hilo la kufungwa maana mimi ni mtu wa kusambaza mizigo na hiyo njia nimeipiga sana. Machi 2024 baada ya mvua mlima uliachia ukamwagika barabarani, kati ya PCH na Grand View Drive. Sio vijiwe, ni kilima kizima cha udongo na majabali kimekaa juu ya lami. Wakafunga mpaka mwanzoni mwa Juni. Nakumbuka wateja wa kijijini walikuwa wananiuliza mzigo uko wapi na mimi nimekwama Malibu Canyon kwenye foleni na kila mtu aliyekuwa anapita Topanga.

Kitu nimejifunza na nataka wadau wakijue: mlima ule hutoa dalili. Ukipita usiku baada ya mvua utaona kwanza kokoto, zile ndogo kama punje za mahindi, zimemwagika kwenye mstari mweupe wa pembeni. Ukienda mbele unakuta za saizi ya ngumi. Ukishaona za ngumi usiendelee kujipa moyo, tafuta pa kugeuzia. Na usipige breki kwenye kona yenye kokoto, punguza mwendo kabla ya kona. Nyingine, kushuka kutoka juu kwenda baharini weka gia ndogo, usikanyage breki mwanzo mwisho, ile harufu ya breki kuungua kwenye magari ya wageni naisikiaga sana pale karibu na kijiji.

Kona Kali

@dereva_wa_usiku umenena kaka, hili la kokoto watu walishike. Sababu yake ni kwamba kuta zile ni miamba ya tabaka tabaka, mingi ni mawe ya mchanga na udongo mgumu wa chini ya bahari ya zamani, imekunjwa na kuvunjwa na nguvu za ardhi. Hii safu nzima ya milima ilizungushwa na mwendo wa mabamba ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, ndo maana imelala tofauti na majirani zake. Mwamba uliopinda hivyo una nyufa kila mahali. Ukiupa maji, au ukichoma mimea inayoushikilia, unaachia.

Mama Zuhra

Habari zenu wapendwa. Mimi si mtu wa barabara, nataka kujua tu hifadhi. Nina watoto wawili wadogo na mbwa. Tunaanzia wapi?

Kona Kali

@Mama Zuhra karibu sana dada. Topanga State Park ni ekari zaidi ya 11,000 na sehemu kubwa iko ndani ya mipaka ya Jiji la Los Angeles. Yaani umesimama kwenye nyika kimya kabisa na kisheria uko mjini. Lango kuu linaitwa Trippet Ranch, unaingilia Entrada Road kutoka barabara ya 27. Pana maegesho ya kulipia, meza za kula chini ya mialoni na bwawa dogo, kwa watoto pale pekee panatosha kabisa kwa nusu siku.

Mbwa ndo shida. Kwenye njia za miguu za hifadhi hiyo mbwa hawaruhusiwi. Ukitaka kwenda naye jaribu Red Rock Canyon Park, inaingiliwa kutoka Old Topanga, pale anaruhusiwa akiwa na kamba, na watoto watafurahia rangi, mawe mekundu kweli kweli, ni mchanga na kokoto za mito ya kale zilizogandamana.

Kama watoto wanaweza kutembea kidogo, kutoka Trippet Ranch kuna Musch Trail. Inapita kwenye kivuli, inatoka kwenye majani, inaingia kivulini tena, mpaka kambi ndogo ya Musch. Wakubwa wanaendelea hadi Eagle Rock, na hapo dada naomba ukifika usipige picha ukaondoka. Ni jabali kubwa la mawe ya mchanga, urefu karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, upande mmoja unapanda taratibu kwa miguu, upande wa pili umekatika wima. Lina matundu na vijipango ambavyo upepo na maji vimevichonga, ukiweka kiganja ndani ya tundu unahisi chembe za mchanga zinabaki mkononi, yaani jabali bado linaliwa mpaka leo. Kwenye mawe ya hii milima kuna sehemu unaona magamba ya konokono wa baharini yamegandia ndani, maana hapo palikuwa chini ya maji. Usiyabandue, ni kosa kisheria na wenzako nao wanataka kuyaona.

Tahadhari mbili za watoto. Kuna mmea unaitwa poison oak, majani yake yanakaa matatu matatu, yanang'aa, vuli huwa mekundu ya kuvutia na mtoto atataka kuchuma. Ukigusa ngozi inawasha siku nyingi. Kingine ni nyoka aina ya rattlesnake, akikerwa anatikisa mkia. Watoto wakae katikati ya njia, wasitie mikono kwenye matundu ya mawe wasiyoyaona ndani.

Mama Zuhra

Asante sana kaka umenielewesha vizuri. Ila nilisikia pote pameungua mwaka 2025? Bado kuna miti?

Kona Kali

Kipo kilichobaki na kipo kilichoungua. Moto wa Palisades ulianza tarehe 7 Januari 2025 mashariki ya korongo, ukisukumwa na upepo wa Santa Ana, ule upepo mkavu unaotoka jangwani kwenda baharini kinyume cha kawaida. Uliunguza zaidi ya ekari 23,000, watu 12 walifariki, majengo zaidi ya 6,800 yakateketea, mengi Pacific Palisades na Malibu. Kwenye hifadhi uliingia upande mkubwa wa mashariki na kusini. Pale mdomoni mwa korongo moteli ya zamani ya mwaka 1929 na mgahawa wa Reel Inn havipo tena. Nyumba ya Will Rogers, mwigizaji wa zamani, kwenye hifadhi ya jirani nayo imeungua, na pale ndo inapoanzia Backbone Trail, njia ya miguu ya kilomita 108 inayopita juu ya mgongo wa milima mpaka Point Mugu. Ilichukua miongo kuunganisha vipande vyake mpaka ikakamilika 2016.

Kijiji chenyewe cha Topanga kwa sehemu kubwa kilinusurika. Barabara ya 27 upande wa chini ilifungwa kwa umma mpaka Mei 2025, na hifadhi imekuwa ikifunguliwa kwa awamu, kwahiyo kabla hujawapakia watoto garini fungua ukurasa wa hifadhi uone njia gani iko wazi siku hiyo.

Mimea ya pale imezoea moto. Vichaka vingi vinachipua kutoka kwenye mzizi ulioungua, mingine mbegu zake zinahitaji joto la moto au kemikali za moshi ili ziote. Msimu wa mvua ukipita unaona maua ambayo hayaonekanagi miaka ya kawaida. Shida inakuja moto ukirudi mapema mno, kabla mimea haijakomaa na kuweka mbegu, hapo nyasi za kigeni zinachukua nafasi na hizo zinawaka kirahisi zaidi.

Nyika Kavu

Sawa, ila ngoja niwe mkweli. Watu zaidi ya elfu 8 wanaishi humo, barabara moja ya maana, moto unakuja kila baada ya miaka kadhaa. Kwanini wasiipanue? Njia mbili mbili kila upande, au wachimbe tunel. Maisha ya watu ni muhimu kuliko mto.

Kona Kali

@Nyika Kavu swali zito na sitalikwepa. Moto wa Old Topanga ulianza Novemba 2, 1993 kule juu, ndani ya saa chache tu ukawa umefika baharini Malibu, watu 3 wakafa na nyumba zaidi ya 350 zikaisha. Kwahiyo hofu yako ina msingi.

Lakini angalia umbo la mahali. Kuta zinabana, mto uko chini. Ukitaka njia nne una machaguo mawili, ukate mlima au ujaze mto. Ukikata mlima unafanya mteremko kuwa mkali zaidi kwenye mwamba ambao tayari unaachia, kama alivyosema dereva hapo juu. Ukijaza mto, maji ya mvua yanatafuta pa kupita na yanapopata ni chini ya lami yako. Na hata ukifanikiwa, barabara pana italeta magari ya 101 na 405 yote yanayotafuta njia ya mkato, siku ya moto foleni itakuwa ile ile ila ndefu zaidi. Miaka ya 1960 walikuwa na mipango ya kupitisha mahaiwei makubwa kukatiza hii milima, na kama ingetimia leo tusingekuwa na uzi wa hifadhi. Badala yake mwaka 1978 serikali kuu ikaunda eneo la taifa la mapumziko la Santa Monica Mountains linalounganisha ardhi za shirikisho, jimbo na mashirika mengine, na mwaka 2001 jimbo likanunua sehemu ya chini ya Topanga, ekari 1,659, ikaunganishwa na hifadhi mpaka karibu na mchanga wa ufukwe.

Kinachookoa watu humo ni kuondoka mapema. Siku ya tahadhari nyekundu ya upepo, mgeni usiende kabisa, kila gari lako moja ni nafasi umemnyima mkazi na gari la zimamoto. Mimi hilo naliona la lazima.

dereva_wa_usiku

Naunga mkono na kupinga kidogo. Kuondoka mapema ni kweli, ila kuna wazee na watu wenye farasi, sio rahisi kama kupakia begi. Angalau waongeze sehemu za kupishana na wakate vichaka pembezoni. Kuna kona gari moja likizima tu, basi korongo lote limesimama.

Kona Kali

@dereva_wa_usiku hapo nakubaliana na wewe kabisa. Sehemu za kupishana na kufyeka pembezoni hazigusi mto wala hazikati mlima. Farasi ndo mtihani kweli, trela moja inachukua kona nzima, wenye nao wanatakiwa kutoka tahadhari ya kwanza ikitolewa, sio amri ikishatoka.

Samaki Mbichi

Mmeutaja mto mara kumi hamjataja wakazi wake jamani. Mto Topanga una steelhead, aina ya trauti anayezaliwa mtoni, anaenda baharini kukua, anarudi mtoni kutaga. Wa kusini mwa California wameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka tangu 1997. Baada ya moto wa Woolsey wa 2018 kuharibu mito ya magharibi, Topanga ndo ukabaki na kundi la mwisho linalojulikana kwenye milima hii.

Moto wa 2025 ulipozima wataalamu walijua mvua ya kwanza itashusha majivu na tope mpaka mtoni na samaki watakosa hewa. Januari ile ile wakaingia mtoni na ndoo na nyavu na vifaa vya umeme mdogo wa kulegeza samaki, wakawatoa 271. Wakapelekwa kituo cha kuzalisha samaki Fillmore, halafu wakahamishiwa kijito cha Arroyo Hondo huko Santa Barbara, na huko wakataga. Pia wakatoa vigoby, samaki wadogo wa pale mto unapokutana na bahari, 760. Hao wadogo walirudishwa Topanga Juni 2025.

Steelhead bado wanasubiri mto wao upone. Na hata ukipona kuna daraja la PCH. Miaka ya 1930 walijaza udongo mdomoni mwa mto wapitishe barabara, wakaacha daraja fupi, kwahiyo yale maji mapana ya mdomoni ambapo samaki mchanga anazoea chumvi yamebaki kadimbwi tu. Kuna mpango wa kuweka daraja refu zaidi na kulirudishia eneo upana wake. Mimi naombea hilo daraja kuliko kitu chochote.

Nyika Kavu

Daah hii ya samaki sikuijua. Sawa nimeelewa kwanini mnaning'ang'ania na mto. Sasa nipeni ratiba, Jumamosi ijayo niko free, nina gari dogo.

Kona Kali

@Nyika Kavu toka mapema, saa moja asubuhi uwe umeshapita 101. Ingia kwa juu, kutoka Woodland Hills, simama Top of Topanga, sehemu ya kutazamia kule juu ukingoni, uangalie bonde lote la San Fernando chini yako, hapo utaelewa huo ukuta ninaousema. Shuka mpaka Entrada, egesha Trippet Ranch ndani, usiegeshe kando ya barabara ya 27, kingo ni nyembamba na gari la zimamoto linahitaji pale. Kama njia ya Eagle Rock iko wazi ipige asubuhi kabla ya jua kali, beba maji mengi kuliko unavyodhani maana huko juu kivuli ni kidogo. Miezi ya Mei na Juni ukungu wa baharini unaingia korongoni asubuhi na unaweza usione bahari kabisa mpaka saa sita, usivunjike moyo.

Ukimaliza shuka na korongo mpaka baharini, taratibu, gia ndogo kama dereva alivyosema. Gari likikuganda nyuma lina haraka ingia kwenye kijisehemu cha kupishia uliache lipite. Na kurudi usirudie Topanga jioni ya Jumamosi, kila aliyekuwa beach anapanda saa hiyo hiyo. Nenda mpaka Malibu Canyon upande nayo.

Mama Zuhra

Na kwa asiye na gari je? Dada yangu hana.

Kona Kali

@Mama Zuhra ufukweni anafika kwa basi linalopita PCH, na majira ya joto kaunti huwa inaweka basi la ufukweni linalopita ndani ya korongo kutoka upande wa bonde. Acheki kwanza kama limeanza msimu huu. Nje ya msimu huo apande na wewe tu dada, mbwa abaki nyumbani, muende Trippet Ranch wote.